Kitone Chenye Jina

Yule mama alikuwa amekaa palepale, kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani, miguu ameibana pamoja. Shangazi alimpita kama alivyokuwa akimpita kila asubuhi wiki ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Basi, kila mmoja akabaki na lake. Ofisi nzima ilijua kwamba yule ni mama wa mhasibu, kaja mjini kutibiwa macho, anamsubiri mwanawe atoke kazini. Nani aliyelisema hilo kwanza, hapana aliyekumbuka.

Shangazi mwenyewe hakuwa shangazi wa mtu mle ndani. Alikuwa mpelelezi wa ajali za baharini. Jina walimpa kwa sababu ya maswali yake. Aliuliza kama shangazi aliyeingia nyumbani kwa kaka yake bila taarifa: nani kala, nani katoka, mlango huu nani kaufunga.

Ilikuwa Jumamosi. Milango mingi ilikuwa na makufuli, wa mhasibu nao ulikuwa na lake, na koridoni iliwashwa taa moja tu. Viatu vyake vilipiga sakafu, vikamrudia kutoka upande wa pili, kama kuna mtu anakuja kumpokea. Hakukuwa na mtu. Alikuwepo Mkuu wa kituo tu, amesimama mlangoni kwa Shangazi, suti mpya ameikunja mkononi.

"Shangazi, nisainie niwahi harusi."

"Unaoa tena?"

"Anaolewa mpwa wangu. Mimi nikioa tena, mke wangu atanizamisha kabla ya hiyo meli yako."

Alicheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, akaiweka suti kwenye kiti, akamsogezea fomu mezani. Ilihitaji neno moja na saini. Neno lenyewe lilikuwa: imezama.

Habari za meli ile zilikuwa fupi. Ilikuwa meli ya saruji, kuukuu, yenye winchi mbili za kupakulia mzigo. Ilitoka bandarini salama, ikawa inatuma ishara zake kama meli zote, kila ishara ikieleza mimi ni nani, niko wapi, naelekea wapi. Kisha ishara zikakatika. Ndege ya doria ikazunguka pale ishara ya mwisho ilipotoka, ikarudi mikono mitupu. Baadaye wavuvi wakaleta boti yake ya kuokolea, tupu, waliyoikuta ikielea. Kampuni ikasema: mmeona wenyewe, imezama.

"Nikisaini, ndege inafanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Inarudi kwenye kazi zake. Unajua hivyo."

"Na nisiposaini?"

"Ndege iko uwanjani, ina mafuta, inakusubiri wewe. Lakini iende wapi? Bahari hiyo si kiwanja cha mpira." Mkuu aliinua suti yake. "Sikiliza, dada yangu. Kama wale vijana bado wanaelea mahali, maji yao ya kunywa yanakwisha leo, labda kesho. Mimi nami nina roho. Lakini wizara wanataka jibu. Jioni nikitoka harusini nitapita hapa. Nikiikuta tupu, nitasaini mimi."

Akaondoka. Shangazi aliiacha fomu ilipo, akaipachika kalamu nyuma ya sikio, akapanda ngazi.

Chumba cha picha kilikuwa juu kabisa, mwisho wa jengo. Hakikuwa na dirisha hata moja, ingawa kazi yake yote ilikuwa kuitazama dunia. Kiyoyozi kilikuwa hakizimwi, kwa ajili ya mashine, kwa hiyo fundi wa picha alikaa mle ndani na koti zito na kofia ya sufu wakati watu barabarani walikuwa wanajifuta jasho. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kuvisemesha vitone vyake.

"Wewe kaa hapo, nakuja," alikuwa anakiambia kimoja Shangazi alipoingia. Akaona haya. "Karibu, Shangazi. Unajua tena, siku nzima mtu uko peke yako."

"Bora wewe una wa kuwaambia wakae. Nionyeshe ya juzi."

Bahari ilijaza kioo chote cha kompyuta, nyeusi tii. Rada ya setilaiti haipigi picha kama ya simu. Inatupa mawimbi yake chini; maji yanayatawanya, chuma kinayarudisha. Kwa hiyo maji hutoka meusi, na meli hutoka kitone cheupe, iwe mchana au usiku, kuwe na mawingu au jua.

"Kompyuta inakusanya ishara za meli zote," fundi alieleza, "halafu inazipanga na vitone. Ishara ikiangukia kwenye kitone, kinapata jina na duara la kijani. Kisichopata ishara kinapewa duara jekundu. Hicho ndicho tunachokifuatilia."

"Na juzi ulipata nyekundu?"

"Moja." Sauti yake ilishuka, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Ndiyo nilikuwa nataka kukupigia. Tazama. Iko mbali na pale ndege ilipotafuta, lakini mkondo wa bahari unaelekea hukohuko. Meli iliyozimika mashine ingeweza kufika hapo."

Shangazi alivuta kiti. Kitone kilikuwa kidogo kama chembe ya mchele kwenye kitambaa cheusi. Pembeni yake, mbali kidogo, kulikuwa na kingine chenye duara la kijani. Kwingine kote kulikuwa na weusi mtupu.

"Kipime," alisema.

Fundi alikikuza, akavuta mstari kutoka ncha hadi ncha. Akaupima mara ya pili. Mabega yakamlegea ndani ya koti.

"Zaidi ya mita mia mbili."

"Meli yetu haifiki mia."

"Haifiki." Akaonyesha kwa kidole. "Tena kina mkia. Unauona mstari huu mwembamba, hapa kando? Ni povu la nyuma ya meli."

"Mbona mkia uko huku na meli iko kule? Wamegombana?"

Fundi alicheka kidogo. "Rada inadanganyika na kitu kinachokimbia. Meli ikiwa mwendoni, inaichora kando ya mahali pake, lakini mkia unabaki palepale kwenye maji. Ukiona meli imeachana na mkia wake, jua ilikuwa inakwenda kasi. Hii si meli iliyozimika, Shangazi. Hii ni kubwa, ina nguvu, imezima tu kifaa chake cha ishara. Labda wana magendo yao."

"Na huyu jirani yake wa kijani?"

"Ah, hiyo ni meli ya mafuta. Ina jina, ina kila kitu. Usijisumbue nayo."

Shangazi akaiandika meli ya mafuta kichwani, akainuka. Akiwa mlangoni aliuliza, "Picha hii nani mwingine kaiona?"

"Mimi na wewe. Hata Mkuu sijamwonyesha. Nilitaka niwe na hakika kwanza, nisije nikampa mtu matumaini ya bure."

Boti ya kuokolea ilikuwa imewekwa kwenye ghala la bandarini, juu ya magogo mawili, kati ya matairi mabovu na mlingoti uliovunjika. Wakala wa kampuni ya meli alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa mtu nadhifu, kiatu kinang'aa, na kila baada ya muda aliinua mguu kutazama kama kimeshika vumbi.

"Pole na kazi, dada."

"Asante, kaka. Poleni ninyi na msiba."

"Ah, ni kazi ya Mungu. Tumeshaanza kuwaandikia wazazi."

Shangazi aliizunguka boti polepole. Hakugusa kitu. Kisha aligusa kila kitu. Turubai lilikuwa limefungwa pande zote, mafundo yamekazwa na chumvi. Aliinua pembe moja, akachungulia kwa tochi. Madebe ya maji yalikuwa yamejipanga, vifuniko havijafunguliwa. Makasia yalikuwa bado yamefungwa kamba. Akaenda mbele, akaikamata kamba ya kushushia. Mwisho wake ulikuwa na nyuzi zilizochanika, kila moja na urefu wake.

"Meli ikizama," alisema, "watu huwa wanafanya nini na boti?"

"Wanaingia."

"Wakiingia wanalifunga tena turubai kwa nje?"

Wakala alitazama kiatu. "Mawimbi hayo, dada. Pengine hawakuwahi kuingia. Ilizama ghafla."

"Hii haikushushwa na mtu. Kamba imekatika kwa kusuguliwa, siku nyingi, meli inayumba huku na huku. Meli inayozama ghafla haisugui kamba."

"Wewe ndiye mtaalamu." Alitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Mimi najua kwamba meli haipo. Ingekuwepo si ingeonekana? Ndege imepita. Hata hiyo meli ya mafuta imepita hukohuko, haikuona kitu. Sasa tutafute mpaka lini?"

Shangazi alianza kuikunja ile kamba. Aliikunja yote, akaiweka vizuri juu ya turubai.

"Mashine ya meli ilikuwa nzima?"

"Ilitoka matengenezoni. Mpya kabisa."

"Na mara ya mwisho kuongea nao?"

"Walipotoka bandarini. Baada ya hapo, kimya." Akatazama saa. "Utasaini leo?"

"Mkuu anapitia jioni."

"Vizuri. Watu wa bima nao wanasubiri, hawalipi bila saini hiyo. Wazazi wale wanahitaji kupumzika."

Alipotoka, Shangazi alibaki peke yake na boti. Upepo ulikuwa unapiga bati la ghala. Alisimama muda mrefu, kalamu bado nyuma ya sikio, akiliangalia lile turubai lililofungwa vizuri. Meli ya mafuta. Shangazi mwenyewe hakuwa ameitaja. Ndege ilikuwa haikwenda huko. Fundi hakumwonyesha mtu. Sasa huyu mwenye kiatu kinachong'aa kaipata wapi?

Alilibeba swali hilo njia nzima. Jengo lilikuwa kimya zaidi kuliko asubuhi. Mlinzi alikuwa anasinzia getini. Kwenye ngazi alikutana na harufu ya sabuni ya kupigia deki, mwenye deki keshaondoka. Akapita koridoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akapiga hatua chache. Akasimama. Akalitazama kufuli kwenye mlango wa mhasibu, kisha akageuka, akamtazama yule mama kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mama, samahani. Leo mhasibu hayupo. Jumamosi haji."

"Mhasibu gani, mwanangu?"

"Mwanao."

"Mwanangu si mhasibu. Ni mpishi. Mpishi wa meli ya saruji."

Shangazi alikaa. Benchi lilikuwa gumu na fupi, mtu akikaa lazima abanane na mwenzake.

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Sikuulizwa." Hakusema kwa kulaumu. "Siku ile ya kwanza niliingia mlangoni nyuma ya kijana mmoja mwenye tai. Mlinzi akasema karibuni nyote wawili. Nikakaa hapa. Nikafikiri mnanijua. Kila mtu anaponipita ananiamkia vizuri, mmoja akaniuliza macho yanaendeleaje, nikasema yanaona, ahsante. Nikasema basi, hawa watu wazuri, wakipata habari ya mtoto wangu wataniambia."

"Wiki nzima?"

"Nyumbani ningekaa na nani? Huyo ndiye niliyebaki naye." Alilainisha mkoba kwa kiganja. "Alinipigia simu mara moja, wakiwa majini tayari. Kwa simu ya nahodha, ile ya setilaiti, inayofika popote. Mbio mbio, kwa sababu nahodha ni mchoyo wa simu. Akasema mama, mashine inakohoa kuliko babu. Tunasimama, tunakwenda, tunasimama. Nikamwambia basi rudini. Akasema nahodha kampigia wakala, wakala kasema songeni mbele."

"Wakala? Wakiwa majini?"

"Ndivyo alivyosema."

Shangazi aligeuza kichwa. Alikuwa amekodoa macho kwenye lile kufuli. Mama wa watu kaingia pamoja na mtu mwenye tai, kapewa jina la mwingine, na tangu hapo hapana aliyemtazama mara ya pili. Kwa nini wamtazame? Ana jina.

Aliinuka ghafla hata mkoba wa mama ukaanguka. Akauokota, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, usiondoke."

"Niende wapi?" yule mama alisema.

Fundi wa picha alikuwa anakula mkate, mgongo kwa mlango. Aliruka.

"Shangazi! Karibu nipaliwe."

"Kile cha kijani. Ulikipima?"

"Kipi?"

"Meli ya mafuta. Ulipima urefu?"

"Vya kijani hatupimi. Vina majina." Alimeza. "Tukipima vyote tutakesha. Tunapima visivyo na wenyewe."

"Na ile ishara ya meli ya mafuta ilitoka hapohapo kwenye kitone? Wakati uleule picha ilipopigwa?"

Fundi aliuweka mkate chini. "Huko mbali ishara hatuzipati kila mara. Tulipata moja kabla ya picha na nyingine baada ya picha. Kompyuta inachora mstari ulionyooka katikati, inakisia meli ilikuwa wapi."

"Na kama meli haikunyooka?"

Fundi aliusukuma mkate pembeni. Alikuwa ameshaishika simu. Walizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka wakaunganishwa na nahodha wa meli ya mafuta mwenyewe, sauti yake ikija na kukatika, kama anaongelea ndani ya pipa.

"Juzi hamkusimama popote?" Shangazi aliuliza.

"Kusimama? Mama, nina tajiri anayehesabu kila dakika. Tulikwenda kasi moja mwanzo hadi mwisho."

"Na mlinyoosha njia?"

"Hapana, kulikuwa na mvua kubwa mbele. Tulikata kona tukaizunguka, kisha tukarudi njiani. Kwani kuna nini?"

"Ndani ya mvua hiyo mliona kitu?"

"Ndani ya mvua ile usingeona hata pua ya meli yako."

"Kuna mtu yeyote aliwapigia, akawaomba mkatazame meli iliyozimika?"

"Hapana. Wangetuomba tungekwenda. Baharini hakuna anayekataa hilo."

Shangazi alimshukuru, akakata. Wakatazamana.

"Ilikuwa mwendoni," fundi alisema taratibu. "Kwa hiyo lazima ichorwe imeachana na mkia wake." Akarudi kwenye kitone chekundu, kile kikubwa kilichoitwa cha magendo. "Huyu hapa. Zaidi ya mita mia mbili. Ana mkia. Huyu ndiye meli ya mafuta, Shangazi. Haikuzima kitu. Ilizunguka mvua, ndiyo maana kompyuta haikuikuta ilipoitafuta."

"Basi pale kompyuta ilipoitafuta kuna nani?"

Fundi alikikuza kile cha kijani. Hakikuwa na mkia. Maji yaliyokizunguka yalikuwa meusi, matulivu, bila mkwaruzo. Akavuta mstari kutoka ncha hadi ncha.

"Haifiki mia."

Ndani ya kile kitone kulikuwa na alama tatu zilizong'aa zaidi ya sehemu nyingine: mbili za mbele, moja ya nyuma. Shangazi alitoa kwenye faili picha ya meli ya saruji ikiwa gatini, akaishika kando ya kioo. Winchi mbili. Nyumba ya nahodha nyuma.

Fundi alilinganisha vyote viwili. Kiyoyozi kilinguruma.

"Nilikiona," fundi alisema. "Juzi nzima kilikuwa mbele yangu. Nimekula chakula mbele yake."

"Utajilaumu Jumatatu. Sasa nipe mkondo wa bahari, kutoka hapo mpaka leo."

Simu ya Mkuu iliita mara nyingi kabla hajapokea. Nyuma yake muziki ulikuwa unapiga na watu wanapiga vigelegele.

"Shangazi, bwana harusi anaingia!"

"Nataka ndege."

"Una nini?"

"Nina kitone."

"Kitone!"

"Chenye winchi mbili. Hakina mkia, hakiendi kokote, kinachukuliwa na mkondo tu. Jua likizama hatutawaona, na kesho tutakuwa tunatafuta maiti."

Vigelegele viliendelea muda. Kisha Mkuu akasema, kwa sauti ndogo, ya mtu aliyejificha nyuma ya spika, "Waambie waruke. Kama umekosea, mimi na wewe tutauza karanga."

"Na jambo lingine. Polisi wa bandari wamlete wakala hapa. Wasimwambie kwa nini."

Ndege iliruka. Walibaki na redio, na bahari nyeusi kwenye kioo. Alasiri setilaiti nyingine ilipita, picha yake ikashuka mstari mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekunjua mkeka bila haraka. Kitone kilikuwemo. Kilikuwa kimesogea upande wa mkondo, peke yake kabisa safari hii, bila jirani, bila jina. Kompyuta ilikizungushia duara jekundu.

"Sasa umekiona, eh?" fundi aliiambia kompyuta kwa hasira.

Shangazi alimsomea rubani mahali papya, mara mbili. Kisha alishuka, akamkuta mama kwenye benchi, akamshika mkono, wakapanda ngazi pamoja. Fundi alivua koti lake, akamvisha yule mama, akabaki anatetemeka na shati.

"Sikiliza, mama," Shangazi alisema. "Meli tunafikiri tumeiona. Watu sijui. Nitakuambia lile ninalolijua tu, kila nikilijua. Umenielewa?"

"Hilo tu ndilo nililokuwa nangojea," mama alisema.

Redio ilikwaruza. Kimya. Ikakwaruza tena.

"Naiona," rubani alisema. "Imelala upande kidogo, lakini inaelea. Hakuna taa. Mashine imekufa. Natelemka."

Shangazi aliinamia kile kipaza sauti. "Watu?"

"Bado sioni mtu. Sitaha iko tupu."

Mama alikuwa ameukamata mkono wa koti.

"Kuna moshi," rubani alisema.

"Moto?"

"Si moto. Moshi mwembamba. Si kwenye bomba la mashine, ni nyuma, kwenye kibomba kidogo. Cha jikoni, nafikiri."

Yule mama alisimama.

"Ni wangu huyo," alisema. "Anapika. Muulizeni anapika nini."

Shangazi alibonyeza kitufe. "Mama wa mpishi anauliza wanapika nini."

"Mwambie sijafika mahali pa kunusa," rubani alisema. "Subiri. Subiri. Wanatoka. Wana mashuka, wanapunga. Nawarushia maji na redio sasa. Meli ya doria iko njiani. Mmoja kavaa aproni, Shangazi. Anapunga sufuria."

Fundi aliuficha uso kwenye kofia yake ya sufu. Mama hakulia. Aliufungua mkoba wake, akatoa kitambaa, akampa fundi.

Baadaye dereva wa kituo alimpeleka mama gatini kusubiri, kwa kuwa alikataa kwenda nyumbani kulala. Getini mlinzi alimpungia.

"Kwaheri, mama wa mhasibu!"

"Kwaheri, baba," alijibu. Hakuona haja ya kumsahihisha. Waliohitaji kumjua walikuwa wameshamjua.

Fundi alibaki juu. Kutoka koridoni Shangazi alimsikia akisema peke yake, "Na wewe wa kijani, hebu nikupime," na baada ya kimya, "haya, na wewe." Jengo lote lilikuwa na sauti hiyo moja.

Shangazi alikwenda mezani kwake, akaichana fomu katikati. Kisha alirudi, akakaa kwenye benchi. Ukutani, mbele yake, rangi ilikuwa imebanduka kwa umbo la kitu kama ndoo. Alikuwa amepita hapo miaka, hakuwahi kuliona. Mtu akikaa hapo wiki nzima, hicho ndicho anachokitazama.

Viatu vilisikika kwenye ngazi, vya askari wawili vizito, na vingine vyepesi, nadhifu. Wakala aliingia chini ya ile taa moja, akanyoosha kola.

"Dada, kumbe hujasaini bado?"

"Kaa, kaka." Akasogea kumpa nafasi. "Nieleze simu yao ya mwisho ilisemaje."

"Simu gani? Nilikuambia tangu wametoka bandarini—"

"Ile waliyokupigia kwa simu ya nahodha, betri ikikaribia kuisha, mvua ilipopungua wakaona taa za meli ya mafuta zinapita mbali, wakakuomba uwaitie. Picha yenye meli hiyo tumeiona watu wawili tu hapa duniani, na wewe si mmoja wao. Ulijuaje ilipita?"

Wakala alitazama ngazi. Askari walikuwa wamesimama hapo. Alitazama kiatu chake, halafu kingine. Huko juu fundi alikuwa bado anahesabu vitone vyake.

"Wako hai," Shangazi alisema. "Nahodha anaongea kwa redio sasa hivi. Kwa hiyo chagua, nisikie kwako au nisikie kwake."

Benchi lilikuwa fupi. Akakaa.